Njia Moja, Treni Mbili

Miaka thelathini na mmoja nilipanga treni Khashuri:
ipi ingoje, ipi ipite, ipi iingie reli ya pembeni
ikae kimya kama bibi arusi ukweni.
Sasa nimestaafu. Simu imeegemea chupa ya siki,
daftari ni lile lile la stesheni.
Safu ya kushoto, iliyokuwa ya mizigo,
nimeandika: analojua.
Ya kulia, ya abiria: analotaka.

Gocha wa Oni anajua nyuki.
Anataka kuiandikia benki barua bila kutukana.
Pikria, aliyeko Bari akitunza ajuza wa watu,
anajua Kitaliano cha jikoni na cha hospitali.
Anataka kupogoa mizabibu aliyoachiwa na babake.
Tariel, mchomeleaji, anajua mizabibu.
Anataka Kitaliano. Hasemi kwa nini, nami siulizi.

Hakuna mwalimu hapa, niliwaambia jioni ya kwanza,
nyuso tisa, moja ikiwa dari tupu na balbu.
Hiki ni kikoa: leo tunakula kwako, kesho kwangu.
Na mkono mtupu haulambwi.
Wakacheka. Gocha alicheka bila sauti,
maiki kaifunga; tuliona mabega tu.

Bari ikiwa saa mbili usiku, kwetu ni saa tano.
Pikria hunong'ona, ajuza amelala nyuma ya mlango.
Hana mzabibu; ana mpini wa ufagio
na nyuzi za sufu alizofunga ziwe matawi.
"Kata hapo," asema Tariel, mkasi karibu na kamera
hata ukaijaza skrini nzima.
"Si hapo. Hesabu macho mawili, kisha kata.
Usiuonee huruma. Mzabibu ukionewa huruma
huzaa majani."
Pikria akakata uzi, akanyamaza kitambo.
"Haya, zamu yangu. Sema: nimechoka,
lakini naweza kungoja."
Tariel akasema.
Akarudia, bila kuambiwa.

Mwezi wa tatu Waitalia walisogeza saa zao.
Sisi hatusogezi, nami nilisahau.
Miaka thelathini na mmoja sikugonganisha hata toroli;
usiku ule niligonganisha nyuki na Kitaliano.
Gocha kainua fremu ya masega katikati ya vitenzi,
kila mtu anasema, hakuna asikiaye,
picha zikaganda, Tariel kinywa wazi kama samaki.
Nikawaandikia wote: kosa ni langu.
Usingizi haukunijia.

Wiki iliyofuata Saba, mjukuu wa Gocha, miaka kumi na miwili,
aliyezoea kupita nyuma ya babu yake akitafuna tufaha,
akasimama.
"Na wewe, bibi? Safu yako mbona nyeupe?"
Mimi hupanga tu, nikasema. Sina la kufundisha.
"Mkono mtupu haulambwi," akajibu, kitoto kile.
Kisha: "Njia ni moja, treni ni mbili, zinatazamana.
Zinapitanaje?"

Nikaondoa sahani.
Vijiti vya kiberiti vikawa reli juu ya kitambaa cha meza,
kijiko kikawa treni ya Batumi, uma ya Tbilisi.
"Moja lazima ikubali kungoja," nikaanza,
"na dereva anayengoja lazima aambiwe kwa nini, maana—"
Mtandao ukakatika.

Uliporudi, Saba alikuwa sakafuni na viatu vya babu yake:
kimoja kimejibanza chini ya benchi,
kingine kinapita polepole, kwa mkono,
naye ananguruma kwa niaba ya injini.
Sikumkatiza.

Usiku nilifungua daftari, mstari wa mwisho.
Nazibrola. Anajua treni.
Anataka: kulala mapema.
Nikafuta.
Nikaandika: nyuki.